Samaki wangu wanaoganda kwenye kioo kama stika
Aisee hawa lochi, visamaki vya vijito vya milimani, wamenifunza adabu. Nilinunua wawili aina ya Sewellia lineolata, asili yao Vietnam, nikiwaza basi shida ya mwani kwenye tangi la samaki imekwisha, kumbe mi ndo nilikuwa sijui kitu. Wanakula mwani ndio, ila ule laini na ule utando mwembamba unaoota juu ya mawe pamoja na vidudu vilivyomo ndani yake, lile limwani leusi kama manyoya hata hawaligusi.

Sasa tangi langu lilikuwa jipya, mawe yanang'aa, hamna chakula, mmoja akaanza kukonda tumbo likaingia ndani kabisa. Nikatafuta mawe laini ya mviringo nikayaweka kwenye beseni la maji juani mpaka yakawa kijani, nikawa nawabadilishia kila wiki, na yule mkondefu akarudi kuwa mnene (halafu akawa mbabe, anampandia mwenzie juu kugombea jiwe, we acha tu).

Kingine ni maji. Kwao maji yanakwenda kasi na yana oksijeni nyingi, mapezi yao yamejitandaza yakawa kama kikombe cha kunyonya ili wasisombwe, so nimeongeza pampu na joto naliweka nyuzi 20 mpaka 24, hita nimeichomoa. Na funika tangi jamani, maana wanapanda kioo hadi nje ya maji.