Siku moja kwenye chumba cha skii, Zermatt

Saa 11:30 alfajiri. Naamka Täsch, kijiji kilicho chini ya Zermatt, mji wa milimani Uswisi. Kazi yangu hotelini ni kutunza buti za wageni na skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Wengi wetu wa mahotelini tunakaa huku kwa sababu kodi za kule juu hazishikiki. Treni ni dakika 12. Zermatt haiingii gari la petroli, kwa hiyo hata mwenye Ferrari analiacha Täsch na kupanda treni ninayopanda mimi. Kwa dakika hizo 12 tuko sawa.

Saa 12:45. Buti za wageni zimelala zikining'inia kwenye vibomba vinavyopuliza hewa ya moto. Naingiza mkono kwenye kila moja mpaka kwenye vidole. Ikibaki na unyevu, mwenye nayo ataganda huko juu, na jioni nitazisikia habari zake.

Dada mmoja wa Bukavu, yuko dobi, anapita na toroli la taulo. "Baridi iko mingi leo, ndugu." Mlimani inasikika mishindo: wanalipua theluji makusudi isije ikaporomoka yenyewe. Januari 2018 hatari ya maporomoko ilifunga barabara na reli, wageni kama 13,000 wakakwama hapa, na waliokuwa na haraka wakatolewa kwa helikopta.

Saa 2:30. Ndio msongamano wenyewe. Napiga magoti, mgeni anakaa. Namwomba apige kisigino sakafuni kiingie vizuri, ndipo nafunga. Wageni wapya hutaka nikaze mpaka basi wakidhani ndio usalama, kumbe damu haipiti na mguu unakufa ganzi. Skii zao nazitoa nje mimi, nazilaza juu ya theluji zikielekea njia. Watu hudhani anasa ya hoteli hizi ni marumaru na shampeni. Mimi naona ni kutobeba kitu. Wiki moja ya sikukuu kwenye chumba kikubwa inapita mshahara wangu wa mwezi, na mwenye chumba hajagusa hata fimbo zake.

Familia moja inakwenda kula mchana Cervinia, upande wa Italia. Unateleza tu unavuka mpaka. Nawaambia: upepo unakuja, rudini mapema. Wanaitikia ndiyo, ndiyo.

Saa 4:30. Wamekwisha kutawanyika. Nanoa kingo za skii kwa tupa, nayeyusha nta kwa pasi, naikwangua. Kazi hii naipenda kuliko zote, maana hakuna anayenisemesha. Wenzangu Wareno wakikumbuka natoka Moshi huuliza kama nimepanda Kilimanjaro. Matterhorn, mlima wa hapa, ni mita 4,478, nasema, ule wetu 5,895. Swali linakuwa limejibiwa kwa namna fulani.

Saa 6 hadi 9 ni mapumziko. Nalala.

Saa 10 jioni simu inalia. Ni baba wa ile familia. Upepo umefunga lifti za nyaya zinazopandisha watu hadi mpakani, na bila hizo hakuna kurudi kwa skii. Imebaki barabara, nayo inazunguka milima yote hii: masaa kwenye teksi. Anauliza kama hoteli haiwezi kufanya kitu. Hoteli inaweza kumtafutia teksi.

Jioni nzima napokea buti zilizolowa na malalamiko kuhusu upepo, kana kwamba nimeufungulia mimi. Nilitakiwa kuondoka saa 1:30 usiku. Msimamizi ananiomba nibaki, saa za ziada zinalipwa, nabaki.

Saa 3:20 usiku wanaingia. Baba anacheka, anasifu tambi za Cervinia. Mama hacheki, ameshika bili ya teksi. Mtoto amelala begani bado kavaa buti, namvua taratibu asishtuke.

"Kesho saa mbili na nusu zitakuwa zimekauka?" baba ananiuliza.

"Zitakuwa tayari, bwana. Mnakwenda wapi?"

"Cervinia," anasema. Mkewe anamtazama.