Ankara ya Klachi

Mwaka 2008 nilikuwa mhasibu wa kampuni moja mjini Tabora, iliyonunua asali Sikonge na kuipeleka Dar es Salaam. Bosi wetu alikuwa amevutiwa na habari za General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ambayo katika miaka ya 1920, chini ya mkuu wake Alfred Sloan, ilikipima kila kitengo chake kwa faida kiliyoizalisha. Akaagiza idara za gereji, malori na ghala zijitegemee: gereji iyatoze malori, malori yalitoze ghala, na anayeona bei ya ndani ni kubwa atafute huduma nje. Vitabu vya ankara nilivichapisha mimi, tena kwa fahari, bila kujiuliza kama utaratibu wa kampuni kubwa kiasi kile ungeifaa gereji ya mafundi watatu.

Katikati ya msimu wa asali lori moja liliharibika klachi. Gereji yetu ikatoa ankara ya shilingi 480,000, yaani vipuri 300,000 na ufundi 180,000. Mkuu wa malori akalipeleka kwa fundi wa mtaani, aliyetaka 400,000 kwa kila kitu, akarudi akijisifu kwamba ameokoa 80,000. Siku mbili hizo mafundi wetu walishinda chini ya mwembe wakicheza bao.

Jioni fundi mkuu, mzee aliyetuzidi wote umri, aliingia ofisini kwangu na ankara yake iliyokataliwa.

“Mwanangu, hizo 180,000 za ufundi, mngemlipa nani?”

“Gereji, mzee.”

“Gereji ni sisi, na sisi tuna mshahara wa mwezi, tufanye kazi tusifanye. Sasa kilichotoka mfukoni mwa bosi ni kiasi gani?”

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu upya. Kwetu zingetoka 300,000 za vipuri tu. Nje zilikuwa zimetoka 400,000. Idara ilikuwa imepata faida, kampuni imepoteza laki moja, na kitabu changu kilionyesha ushindi.

Asubuhi nilimpelekea bosi karatasi ile. Aliisoma mara mbili, kisha akaamua kwamba siku ambazo gereji haina kazi itatoza gharama ya vipuri peke yake, na bei kamili itatumika pale tu inapokuwa na wateja wa nje wanaosubiri. Mkuu wa malori aliuliza kama zile 80,000 zitabaki kwenye taarifa yake ya mwezi. Nilizifuta kwa kalamu nyekundu, naye amesimama pale pale.