Jinsi ninavyohifadhi mbaazi kwa kivumbasi

Mimi hupika mbaazi za nazi na mahamri hapa Kisauni, na anayeuza chai ya asubuhi hawezi kukaa bila mbaazi ndani ya nyumba. Bei hushuka baada ya mavuno, kwa hiyo wakati huo ndio wa kununua za kuweka. Shida ni fukusi. Joto na unyevu wa Mombasa vinawafaa mno.

Kabla hujalipa, chota konzi moja uiangalie kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeupe vimegandamana na ganda, vidogo kuliko kichwa cha pini, hayo ni mayai. Buu akianguliwa hutoboa na kuingia ndani ya punje, hula humohumo, na siku utakayoona tundu la duara, mdudu mzima ameshatoka na kwenda kutaga kwingine. Kwa joto letu hayo yote huchukua kama mwezi tu.

Dawa za unga sikuzitaka karibu na chakula ninachouzia watoto wa watu. Mama mkwe wangu, mtu wa Kwale, alikuwa akitandaza majani ya kivumbasi kwenye kunde zake, na jioni akiyachoma kufukuza mbu. Nilipomuuliza siri yake alinijibu, "Mwanangu, kivumbasi kisichonuka ni takataka. Tunza harufu."

Nimekuja kuelewa kwamba alikuwa amesema yote. Kivumbasi, mrehani, nanaa na rozmari ni jamii moja, Lamiaceae kwa jina la kitaalamu. Livingirishe shina kati ya vidole, utasikia pembe zake nne. Juu ya jani kuna vifuko vidogo mno vya mafuta, ndiyo maana ukilipangusa tu harufu inakuganda mkononi. Kwenye mafuta ya baadhi ya nanaa kuna kitu chenye harufu kiitwacho mentholi. Kwenye mrehani wa kikuba mara nyingi kuna linaloli. Kivumbasi kikubwa, Ocimum gratissimum, mara nyingi kina yujenoli, ileile inayoipa karafuu ukali wake. Ndugu yake wa bara, Ocimum kilimandscharicum, amejaa kafuri, na kule Kakamega wakulima wa kando ya msitu humkamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua. Mmea hujitengenezea vitu hivi ili wadudu wasiule. Miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walivijaribu vivumbasi hivyo viwili kwa fukusi wa mahindi na wadudu wengine wa ghalani, wakaona vinawafukuza na hata kuwaua.

Lakini mafuta haya huruka hewani upesi, na kazi yangu yote ni kuyazuia. Nakata matawi asubuhi, nayatundika kivulini penye upepo, kamwe si juani, mpaka majani yavunjike yakishikwa. Nayafikicha kwa mkono wakati wa kuyatumia, si kabla.

Mbaazi nazo zina zamu yao ya jua. Nazitandaza nyembamba juu ya karatasi jeusi la plastiki, nazifunika kwa plastiki inayopitisha mwanga, nabana kingo kwa mawe, naziacha tangu kabla ya adhuhuri hadi alasiri. Zinapata moto usioweza kuzishika. Hatua hii siiruki hata kidogo, kwa sababu harufu haimfikii vizuri buu aliyejificha ndani ya punje. Joto ndilo linalommaliza. Kisha nazipoza kabisa, la sivyo zitatoa jasho na kuota ukungu.

Natumia ndoo zenye mfuniko wa kukaza. Tabaka la majani, tabaka la mbaazi, hadi juu kabisa. Gunia hupumua, na harufu hutoka nalo. Kila nikifungua nanusa kwanza. Harufu ikififia, naweka majani mapya. Siku ya kupika napepeta, naosha, naloweka usiku, na tui likishaingia hakuna anayeonja kivumbasi.

Kwa mwenye magunia mengi ya biashara namshauri anunue ile mifuko isiyopitisha hewa, maana majani hayatamtosha. Kwa ndoo za jikoni yanatosha. Kivumbasi chenyewe hushika hata kwa kijiti: kata tawi changa, lichomeke kwenye udongo wenye kivuli, umwagilie jioni. Changu kiko nyuma ya bafu, kinakunywa maji yanayomwagika huko.