Mkaa, kuni, gesi au umeme: kuchagua jiko la moshi la nyama

Mtu anayetaka jiko la moshi kwa kawaida huanza kwa kutazama picha za majiko. Hapo ndipo hela zinapoanza kupotea. Anza na moto: ni nishati gani unaipata mwaka mzima mtaani kwako, ikiwa kavu na safi, na uko tayari kukaa karibu nayo saa ngapi? Ukishajibu hayo mawili, majiko mengi yatakuwa yameshajiondoa yenyewe.

Kazi ya jiko hili si ile ya jiko la nyama choma. Choma hupata joto kali la makaa yaliyo chini yake, na baada ya muda mfupi mbuzi yuko mezani. Jiko la moshi linatakiwa kushikilia nyuzi joto 107 hadi 135 za Selsiasi kwa saa 6, 8, hata 12, nyama ikiwa mbali na miali. Sababu ni nyama yenyewe. Kidari, bega, shingo na mbavu zimejaa kolajeni, yaani protini ngumu inayounganisha nyuzi za nyama, na kolajeni hulainika polepole kuanzia pale ndani ya nyama panapofika nyuzi 70 hivi. Kufikia 93 hadi 95 inakuwa imegeuka ute. Ukiiharakisha kwa moto mkubwa, nje inakauka kabla ndani hakujawa tayari. Kwa hiyo unalipia uwezo wa kutunza moto mdogo, safi, usioyumba. Magurudumu na rafu za pembeni ni mapambo.

Kuni

Majiko ya Texas yanayotamba kwenye video ni ya kuni: silinda ndefu iliyolazwa, kisanduku cha moto upande mmoja, bomba la moshi upande wa pili, na joto linapita juu ya nyama likielekea kwenye bomba. Kwa ladha, hakuna linaloyafikia. Gharama yake kubwa ni muda wako. Unaongeza kipande cha kuni cha sentimita 30 hadi 40 kila baada ya dakika 30 hadi 45, tangu asubuhi hadi jioni, na ukisinzia moto unashuka.

Unene wa chuma ndio unaoamua kama utafurahia au utajuta. Pleti ya milimita 6 huhifadhi joto, na upepo ukivuma kidogo haitikisiki. Bati la milimita 2 hupanda na kushuka kila unapofungua mlango. Jiko jembamba la aina hii, lile linalouzwa dukani kwa bei ya kuvutia, ndilo ningekuambia ulikwepe kabisa: lina kazi yote ya jiko kubwa na halina faida yake hata moja.

Moshi mzuri ni mwembamba, wa bluu hafifu, karibu usionekane. Moshi mweupe mzito hutoka kwenye kuni mbichi au moto ulionyimwa hewa. Unabeba lami inayoganda juu ya nyama na kuacha uchungu unaokwaruza ulimi. Wengi hulifunga tundu la juu wakitaka moshi "uingie" kwenye nyama, na hapo ndipo wanapoiharibu. Tundu la kutolea moshi liwe wazi muda wote. Joto hurekebishwa kwa hewa inayoingia chini.

Kuni iwe na unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Huna kipimo? Gonga vipande viwili: vikavu hutoa mlio mkali, vibichi hutoa kishindo butu. Mti ulioukata leo unahitaji miezi kadhaa ukiwa umepasuliwa na kupangwa penye kivuli na upepo. Mpera ni mzuri sana, na shina kuu la mbuni likikatwa shambani usiliache lioze, maana ni zito na moshi wake ni mtulivu. Mchungwa na mlimau vinafaa kuku na samaki. Mgunga una nguvu, uutumie kwa kiasi kidogo na nyama ya ng'ombe. Usiguse msonobari, mkaratusi wala mtarakwa, kwa sababu utomvu na mafuta yake hutoa masizi na ladha ya dawa. Minyaa ya uani, ambayo utomvu wake hudhuru macho, isikaribie moto huu. Mabaki ya kwa fundi seremala nayo yana hatari yake: plaiwudi ina gundi, na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu.

Mkaa, na pipa

Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye uwanja, jibu langu ni pipa la lita 200 lililosimama, moto wa mkaa chini, vipande vichache vya kuni kwa ajili ya harufu. Mkaa unatoa joto, kuni inatoa ladha, na unaweza kuliacha saa nzima ukafanya mengine.

Pipa liwe lililobeba chakula: mafuta ya kula au sharubati. La kemikali, rangi au oili ya gari usilichukue hata ukipewa bure. Hata la chakula mara nyingi lina rangi ya ndani, kwa hiyo choma moto mkubwa wa kuni ndani yake mpaka rangi yote iungue, kisha fundi alikwangue kwa grainda hadi chuma kionekane. Boliti, nyaya na wavu visiwe na zinki. Zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaoumiza mapafu, na wavu wa mabati ndio fundi atakaokuletea kwanza kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Wavu wa kuwekea nyama uwe wa stenlesi. Rafu ya friji kuukuu haifai, kwani nyingine zimepakwa kadimiamu, metali yenye sumu.

Vipimo: toboa matundu manne ya hewa ya robo tatu ya inchi, sentimita 5 juu ya kitako, matatu yawe na vizibo na moja liwe na vali ya bomba la maji kwa ajili ya kurekebisha polepole. Kwenye mfuniko toboa matundu manane ya milimita 12. Kikapu cha mkaa kiwe na kipenyo cha sentimita 30 hadi 35 na kimo cha 20, kisimame juu ya miguu ya sentimita 6 ili majivu yaanguke bila kuziba hewa. Kati ya kitako cha kikapu na wavu wa nyama acha sentimita 55 hadi 60. Zikipungua, mafuta yanayodondoka yataunguza sehemu ya chini ya nyama.

Mfuniko usiobana ndio ugonjwa mkuu wa mapipa. Hewa ikipenya pembeni huwezi kuutawala moto, hata ufunge vizibo vyote. Kabla hujalipa, mwambie fundi awashe karatasi ndani na afunike: moshi utoke kwenye matundu manane tu. Ukitoka kwingine, arudi kazini.

Kuwasha kuna mbinu moja inayoaminika, ile ambayo Wamarekani huihusisha na Jim Minion. Jaza kikapu kilo 4 za mkaa usiowashwa, ukichanganya humo vipande vinne au vitano vya kuni vyenye ukubwa wa ngumi. Washa pembeni vipande 15 vya mkaa mpaka viwe na majivu meupe, vimwage katikati, funika. Moto utatambaa taratibu kutoka katikati, na kilo hizo zitakupeleka saa 8 hadi 10 pasipo na upepo mkali. Anza kufunga matundu joto likiwa bado nyuzi 95. Ukisubiri lifike 120 utalikuta 160, na kulishusha pipa lililopaa ni kazi ya saa nzima. Ukiona linapanda usifungue mfuniko kuchungulia, maana unalipatia hewa na mafuta yaliyo chini yatashika moto.

Mkaa wenyewe uchague. Wa miti migumu ni mzito na ukiugonga unalia kama chuma. Chekecha vumbi lote. Vipande vyenye rangi ya kahawia ndani havijaiva, na ndivyo vinavyotoa moshi mweupe. Mkaa mbadala uliotengenezwa kwa vumbi la mkaa na wanga wa muhogo unafaa, na huwaka kwa usawa kuliko mkaa wa kawaida, ila majivu ni mengi. Ule unaotokana na makaa ya mawe ubaki chini ya sufuria. Humu moshi unagusa nyama moja kwa moja. Na mafuta ya taa ya kuwashia sahau kabisa.

Majiko ya kauri yenye umbo la yai, kama Big Green Egg, hutumia mkaa kidogo mno na hayajali upepo. Ni mazito, ni ghali, na likianguka linapasuka. Ukiwa nalo tayari huhitaji pipa.

Gesi

Kabati la gesi lina kichomeo chini, trei ya vipande vya kuni juu yake, bakuli la maji, halafu rafu. Huwaka dakika kumi ukaanza kupika. Kwa joto la chini tarajia gramu 120 hadi 200 kwa saa, maana yake mtungi wa kilo 6 unapika vidari vitatu au vinne. Faida ambayo watu hawaisemi: kila kilo ya gesi inayoungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na nyama hainyauki. Hasara ni kwamba moshi wote unategemea trei ile ndogo, ambayo huisha kila dakika 40 hivi. Usiloweke vipande hivyo kwenye maji. Unachelewesha tu, kwa sababu lazima maji yakauke kwanza ndipo kuni ianze kutoa moshi wake.

Likitoka Marekani, kiunganishi chake hakiingii kwenye mitungi yetu. Nunua regyuleta na mpira vya hapa, upime uvujaji kwa povu la sabuni. Upepo ukizima mwali bila wewe kujua, gesi inajaa kabatini, hivyo chagua lenye kifaa cha kukata gesi mwali ukizimika.

Umeme na peleti

Jiko la umeme la wati 800 hadi 1,500 ndilo rahisi kuliko yote, na ni pekee ninaloweza kumshauri mwenye baraza dogo la wazi na majirani wa karibu. Nyama haitakuwa na ule mstari wa waridi chini ya ngozi yake, kwa kuwa mstari huo hutokana na gesi za moto halisi zinazoshikana na rangi nyekundu ya nyama. Ladha haipungui kwa sababu hiyo. Tatizo ni umeme kukatika: nyama ikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 4, itupe.

Jiko la peleti, aina aliyoianzisha Joe Traeger huko Oregon miaka ya 1980, hulisha vijiti vya mbao vya milimita 6 kwa parafujo inayozungushwa na mota, feni ikipuliza. Lina raha zote za umeme na ladha inayokaribia kuni. Hapa kwetu lina vikwazo viwili. Linalotoka Marekani ni la volti 120, kwa hiyo linahitaji transfoma. Na peleti zilizotengenezwa kwa ajili ya majiko ya kawaida ya kupikia zinaweza kuwa za msonobari. Unyevu wa Pwani nao huzivimbisha mpaka parafujo inakwama. Ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na usiziache ndani ya jiko usiku.

Kwa aina yoyote ya moto jiko likae nje, hata la umeme, kwa kuwa kuni zake nazo hufuka moshi. Kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu inayotoka humo, haina harufu.

Kidari cha kwanza

Kidari cha ng'ombe wa kienyeji kina kilo 3 hivi na mafuta kidogo, kwa hiyo saa za video za Texas, zilizopimwa kwa vidari vya kilo 6 na zaidi, zisikutishe. Kwa nyuzi 120, kikifika 68 ndani kitasimama hapo, pengine saa mbili, kwa sababu maji yanayovukizwa juu yake yanakipoza sawasawa na joto linavyoingia. Usiongeze moto. Kifunge kwenye foili pamoja na supu kidogo, vijiko vitatu, kirudishe mpaka 93, kisha kipumzike saa moja. Kuku ni habari nyingine: pandisha jiko hadi 150 ili ngozi isiwe mpira, umtoe paja likifika 74.

Namba hizi hazina maana bila vipimajoto viwili, kimoja ndani ya nyama na kingine kwenye wavu. Saa ya joto iliyobandikwa kwenye mfuniko husoma joto la mfuniko, na inaweza kupishana na wavu kwa nyuzi 20. Vikague kwenye maji yanayochemka: Dar es Salaam visome 100. Nairobi visome kama 94, kwa ajili ya mwinuko, kwa hiyo usivirudishe dukani.