Wakumbukeni Waliofungwa

Somo: Waebrania 13:3, Marko 5:1–15

Dorothea Dix, mwalimu Mmarekani aliyewatetea wagonjwa wa akili, alifariki tarehe 17 Julai 1887, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, ambayo yeye mwenyewe aliipigania hadi ikajengwa.

Machi 1841 alikwenda gereza la East Cambridge, Massachusetts, kuwafundisha wanawake wafungwa somo la Jumapili. Humo aliwakuta wagonjwa wa akili wasio na kosa, wamechanganywa na wahalifu katika vyumba visivyo na moto. Akaambiwa wendawazimu hawasikii baridi! Alilifikisha jambo hilo mahakamani, kisha akaanza kuzunguka magereza na nyumba za maskini za jimbo zima, akiandika.

Waraka wake kwa bunge la jimbo, mwaka 1843, ni mkavu ajabu. Lincoln: mwanamke ndani ya kizimba. Medford: mmoja kwenye minyororo, mwingine katika kibanda finyu kwa miaka 17. Mji, hali, muda. Baadhi ya miji ilikana kwa hasira, lakini aliyetaka kuhakikisha alijua pa kwenda. Bunge likatoa fedha za kupanua hospitali ya Worcester. (Si kila vita alishinda: mwaka 1854 Rais Franklin Pierce alikataa kutia saini muswada wake wa ardhi ya kuwahudumia wagonjwa.)

Wagerasi wa somo letu la Marko nao walikuwa na minyororo, na haikumponya mtu wao mwenye pepo. Yesu alimuuliza jina.

Kwa hiyo anayetembelea gereza aulize jina, kisha aulize dawa: mara ya mwisho ulimeza lini? Mara nyingi mambo huharibika pale langoni. Cheti cha kliniki kimebaki nyumbani, dozi inakatika, mtu anaanza kuchanganyikiwa, askari wanamhesabu mkaidi, anatengwa peke yake, na upweke unamzidishia ugonjwa. Ndugu wapeleke nakala ya cheti siku ile ile ya kwanza, wamkabidhi mhudumu wa afya wa gereza. Vidonge visipenyezwe mkononi mwa mfungwa. Vitanyang'anywa, na mgeni atafungiwa mlango.

Karibu na kuachiliwa kuna pengo jingine. Ombeni mapema dawa za kumtosha mpaka siku ya kliniki, na tarehe ya kliniki hiyo iwe imeandikwa. Kanisa limpate mtu mmoja wa kumsindikiza siku hiyo.

Bwana, tupe majina yao, na ujasiri wa kuuliza mara ya pili tunapojibiwa vibaya. Amina.