Klachi nimeimaliza mimi, gia ya pili ni ya baba

Gari imerudi leo mchana. Nimezunguka nayo mtaani mara tatu ndo nikaiingiza ndani, mguu wa kushoto bado unashangaa maana pedeli imekuwa laini na inashika chini chini, wakati nilishazoea ile ya kushika juu kabisa, goti linapanda mpaka karibu na usukani ndo gari inaanza kusogea. Nilidhani ndo gari ilivyo, kumbe ndo klachi ilivyokuwa inaisha.

Ni Starlet EP82 ya 1994, injini ya 4E, cc 1331, gia tano za mkono. Baba aliinunua 2006 ikiwa imeshatumika Japani, mi nikiwa darasa la tatu, na alipofariki 2021 mama akasema chukua wewe maana kaka zako wanataka otomatiki. Tangu hapo kila siku ya kazi naenda nayo Pongwe na kurudi Tanga mjini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nampeleka mama kwa dada yake Lushoto, nyuma tumepakia nazi viroba viwili na dagaa. Tanga mpaka Mombo haikuwa na neno. Mlima ndo ukaniumbua, kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, na mbele yetu kulikuwa na lori la simenti linatambaa, kila likisimama na mi nasimama, halafu sikuvuta hendibreki, nikawa napiga balansi na klachi, gari imening'inia mlimani kwa mguu tu. Nimefanya hivyo miaka yote na nilikuwa najisifia kabisa kwamba naweza. Tulipolipita lile lori nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga mafuta, injini ikalia juu lakini gari haiongezi mwendo, kama mtu anayekimbia kwenye mchanga mkavu wa ufukweni. Ikaja harufu. Mama akauliza nani anachoma nywele.

Tukaegesha karibu na maporomoko ya Soni. Mama alipanda Hiace ya kwenda Lushoto na nazi zake, akanishika bega dirishani akasema, "Mwanangu, gari la baba yako usilisukume, liache lipumue." Nikakaa pale zaidi ya saa nzima nasikiliza maji, nimechanganyikiwa kweli, maana nilihisi nimeharibu kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu. Baadae nikageuza nikashuka taratibu, na tambarare nikarudi mdogo mdogo bila kuikanyaga sana, usiku ndo naingia Tanga.

Fundi ni yule yule wa baba, yuko Ngamiani, anafanyia kazi chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshaingia kwenye gari. Akavuta hendibreki mpaka mwisho, akaweka gia ya nne, akaachia klachi taratibu. Klachi nzima hapo injini inatakiwa kuzima. Yetu iliendelea kunguruma tu kama iko fri, yani haina gia. Akasema, "Binti, hapa tunashusha gia boksi."

Nilishinda pale siku nzima sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Gia boksi iliposhuka alitoa presha pleti, lile bamba la chuma linaloibana diski, akatoa diski ya klachi yenyewe akaniwekea mkononi. Sijawahi kuishika kabla. Ni kama sahani nyembamba yenye springi katikati, na pande zote mbili kuna ukanda, upande mmoja unashikana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, wa pili na presha pleti, ukandani kuna ribiti ndogo ndogo za shaba. Diski nzima, ribiti zinatakiwa ziwe zimezama ndani, zikibaki na kina cha chini ya milimita 0.3 diski ni ya kutupa. Nikapitisha kidole gumba, upande mmoja nikazihisi zimetokeza kabisa, zinakwaruza ngozi. Na kwenye flaiwili zilishaanza kuchora duara, pembeni chuma kimebabuka rangi ya bluu kwa moto.

Nikamuuliza labda oili imevuja ikalowesha klachi, maana nilishawahi kusikia hivyo. Akapitisha kidole kwenye sili ya injini, ile raba inayozuia oili isitoke, akapitisha na kwenye sili ya gia boksi, akanionyesha kidole kikavu. "Hakuna oili hapa. Huu ni mguu." Akaichukua ile bering ya klachi, inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedeli, akaizungusha kwa kidole, ikalia kririri, akaniuliza nikiwa njiani mguu wa kushoto naweka wapi. Nikamwambia naupumzisha juu ya pedeli. Akanyamaza kidogo. Alivyonieleza ni kwamba mguu ukilala pale hata bila kukandamiza, bering inagusa presha pleti safari nzima, na kwa klachi inayoshika juu kama ile, diski haibanwi sawasawa, inateleza kidogo kidogo bila wewe kujua. Halafu akasema diski hii aliifunga yeye mwaka 2020 baba akiwepo, na ile ya kabla yake ilikaa miaka 11. Iliniuma.

Kuhusu kazi yenyewe sina mengi, flaiwili ikapelekwa kwa mchonga vyuma ikasawazishwa, nikanunua seti nzima yani diski, presha pleti na bering pamoja, sababu kubadilisha kimoja halafu mwezi ujao ulipe tena kushusha gia boksi ni hasara. Kebo nayo tukaweka mpya.

Jambo lililonikalisha ni gia boksi. Fundi akashauri nichukue ya mtumba maana gia ya pili inakwaruza, hasa asubuhi oili ikiwa ya baridi. Nikauliza hiyo nayo ni mimi? Akasema hapana, hiyo ya mzee. Mzee alikuwa anatoka tatu kwenda pili haraka haraka kila tuta, na barabara zetu tuta haziishi, kwaiyo ile ringi ya shaba inayozisawazisha gia kabla hazijaingiliana imelika. Na mkono wake haukuwa unatoka kwenye gia, akasema, mkono ukilala pale unasukuma ule uma wa ndani unaohamisha gia, nao unalika.

Mi ule mkono naukumbuka. Kiganja cha baba juu ya gia njia nzima, na mi nimekaa kiti cha mbele naweka changu juu ya chake, akibadilisha gia tunabadilisha wote, moja, mbili, tatu, na akisahau kusema namba namkumbusha.

Fundi alipofungua nati ya chini oili ya zamani ikamwagika kwenye beseni, nyeusi, lakini jua lilipopiga ikawa inameta, vumbi laini la njano limeelea humo, na akasema ndo ile ringi hiyo. Nikachovya kidole. Ile meta meta ikabaki kwenye mistari ya ngozi, nikafuta na tambara haikutoka yote.

Nikamwambia gia boksi ya mtumba sitaki, rudisha hii hii. Hakubishana. Akamimina oili mpya ya 75W-90, kama lita mbili hivi, akasisitiza chupa iwe imeandikwa GL-4 maana nyingine zina dawa kali inayokula shaba. Halafu akanifundisha, ukitoka tatu pitia fri, vuta pumzi moja, ndo uingize pili, usiisukume, ngoja ikupokee.

Leo mtaani nimejaribu kwenye lile tuta la msikitini. Tatu, fri, pumzi moja, pili. Imeingia bila sauti. Mguu wa kushoto uko chini kwenye kapeti, nimekata kipande cha raba nikakibandika pembeni ya pedeli ili kisigino kipate pa kukaa. Mkono wa kushoto nao nikaurudisha kwenye usukani, isipokuwa mara moja, pale getini, gari imeshazimwa.

Jumamosi napanda tena Lushoto kumchukua mama, amesema atateremka na karoti na plamsi. Nimeshamwambia visizidi viroba viwili.