Namba ni zilezile

Mimi nilisoma uhasibu kwa sababu kila mtu alisema una hela, na kweli hela ilikuwepo, ila kila Jumapili jioni tumbo linavuruga nikiwaza kesho kazini. Sasa kuna jaribio la mwanasaikolojia Mmarekani, Edward Deci, mwaka 1971, aliwapa wanafunzi mafumbo ya kuunganisha vipande, baadhi akawalipa, malipo yaliposimama, hamu yao ya kuyachezea muda wa mapumziko ikapungua. Yaani hela inaweza kula raha ya kitu! (Sisemi ufanye kazi bure jamani, bili zipo.) Nikaanza kujiuliza, ni kitu gani nafanyaga mpaka nasahau kula? Kumbe ni kuwaelekeza watu hesabu, namba zilezile zinazoniumizaga tumbo.